Pumzi na ufutio

Ujiji, Jumapili usiku

Nimerudi sauti imekauka, miguu imejaa vumbi la Mwanga, na usingizi hauji. Siku mbili hizi tulikuwa na mkutano wa wapenzi wa gemu za zamani, kwenye ukumbi wa kukodi si mbali na stesheni ya reli. Wengi ni watu wa hapa hapa Kigoma, wachache wametoka Kasulu, na vijana wawili wamekuja kwa treni kutoka Tabora wakiwa wamepakata boksi la kaseti za gemu safari nzima, hawakuthubutu kuliweka juu kwenye mizigo. Nami niliombwa nizungumze. Mkono wangu umezoea bisibisi, maiki ilinitetemesha.

Jumamosi asubuhi yote iliishia kwenye kutafuta tivii ya chogo. Ukumbini zilikuwepo tivii bapa mbili, kubwa, picha safi, na kwa Contra au Super Mario zinatosha kabisa. Lakini mtu alikuwa ameleta bunduki ya Duck Hunt, gemu la kuwinda bata, na bunduki ile kwenye bapa haiangushi hata bata mmoja. Chogo tuliipata kwa mama mmoja Katubuka, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikaja kwa bajaji nimeikumbatia njia nzima.

Watoto walitaka kujua kwa nini bapa haifai. Nikawaeleza: ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Bunduki haitoi kitu. Ni jicho tu, linatazama kama limeona mwanga au halikuona. Chogo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, na jicho lile lilitengenezwa kwa ajili ya mwanga wa namna hiyo. Bapa inachelewa kidogo kuandaa picha yake. Mwanga unafika, jicho limeshaacha kutazama. Binti mmoja, sijui kama amefika miaka kumi, akaniambia, "Anko, nipe simu yako." Akanirekodi nikipiga, kisha akairudisha video polepole, polepole, mpaka kisanduku kikaonekana kwenye kioo. Hakupiga kelele. Aliwaita wenzake mmoja mmoja akawaonyesha.

Leo baada ya wali na migebuka ikawa zamu yangu.

Nilianza na Jerry Lawson, kwa sababu miaka yote nimeshika kaseti bila kujua jina lake, na lilinigusa sana nilipolijua. Alikuwa mhandisi mweusi wa Marekani, ndiye aliyeongoza kazi ya Fairchild Channel F, mashine iliyotoka mwaka 1976. Kabla ya hapo ulikuwa unanunua mashine na michezo yake humo humo ndani, ukiichoka, basi. Channel F ndiyo mashine ya kwanza ya nyumbani iliyokuja na kaseti za kuchomeka zenye programu ndani. Alifariki 2011. Niliwaambia: bila wazo hilo, tusingekuwa na cha kuazimana. Kaseti moja ilikuwa inatoka Gungu, inalala Mwanga, inaamkia Ujiji, na kila nyumba inayopita inaacha marafiki.

Nikapitisha kaseti moja mkononi, kila mtu aishike. Mashine zetu nyingi zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na kaseti zake zina meno 60, vile vipande vya chuma vinavyogusana na mashine. "Hesabuni." Mbele pale walihesabu kwa sauti: thelathini upande huu, ukiigeuza, thelathini mwingine. Nilipotamka "juu, juu, chini, chini", mwanzo wa ule msimbo wa siri wa kubonyeza vitufe, sikupata nafasi ya kuendelea. Ukumbi mzima ulimalizia, mpaka baba wazima wenye mvi. Msimbo ule aliuweka mtengeneza gemu Kazuhisa Hashimoto kwenye gemu la Gradius la 1986 kwa kuwa gemu lilimshinda ugumu alipokuwa akilijaribu. Sisi ulitupa roho thelathini za Contra.

Kisha nikafika nilikotaka kufika. Nikasema: tuache kupuliza kaseti. Pumzi ina unyevu, na unyevu unakula meno. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka tena, ikakaa vizuri. Kulisema hili kuliniuma, maana kwenye banda tulilochezea utotoni, shilingi hamsini kwa zamu, mimi ndiye niliyekuwa naitwa kupuliza. Kaseti ikigoma, wakubwa walikuwa wananiletea. Nadhani ufundi wangu ulianzia hapo.

Mzee aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. Sikumtambua mpaka alipoongea. Ni yeye mwenye banda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mjukuu wa bibi wa mawese? Sasa sikiliza. Nyie mlikuwa mnapuliza mchana. Mimi usiku nikishafunga nilikuwa nazitoa moja moja, nasugua meno kwa ufutio wa shule, napangusa kwa kipande cha kanga. Kila usiku. Mtoto amekuja na hamsini yake, gemu imgomee, nitamwambia nini?"

Ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa na karatasi, zimebaki hoja mbili, sikuzisoma. Nilishuka nikaenda kumpa mkono, na nilichoweza kumwambia ni asante tu. Akanishika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu, akawa ananiuliza habari za bibi.

Sasa hivi mezani nina kaseti yangu ya gemu nyingi, ile ambayo tangu mwaka jana inaonyesha mistari tu. Nimetafuta ufutio kwenye begi la shule la mwanangu. Nimesugua jino kwa jino, na makapi yametoka meusi kama masizi ya chungu, nami nilidhani ni safi. Nimepangusa kwa kanga. Sijapuliza. Menyu imetokea, na muziki wake ule, nimepunguza sauti nisiwaamshe.

Jumanne nakwenda kwake Gungu. Anasema lipo boksi moja ambalo hajalifungua tangu alipofunga banda, na ameniomba nije na taa ya mezani, macho yake siku hizi hayaoni vizuri meno ya kaseti.