Bado Sijaapishwa: siku moja ya mwanafunzi wa uwakili Mwanza

Saa 11:20 alfajiri

Mama mwenye nyumba ananisubiri bombani kabla hata sijanawa uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi ule urasimishaji wa makazi, kama mpimaji alishaweka bikoni na hati haijatoka, nikifa leo wanangu wataonesha nini?"

Nimeshamwambia mara kumi kwamba mimi si wakili bado. Jibu lake halibadiliki: "Si unavaa suti?"

Nimepanga Mabatini, huku juu ambako ukuta mmoja wa jiko letu ni jiwe lenyewe, fundi hakuhangaika. Milima mingi ya Mwanza iko hivi: watu walijenga kwanza, upimaji ukaja nyuma unahema. Ndiyo maana nilipoulizwa nataka kubobea kwenye nini, sikufikiri sana. Kesi za ardhi mji huu hazitaisha nikiwa hai.

Niko kwenye mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na kwa sasa nimepangiwa ofisi ya wakili mmoja hapa mjini. Rafiki yangu anayesoma Uingereza ananiambia kule kuna anayesimama mahakamani na wigi, na mwingine anayekaa ofisini kuandika mikataba. Hapa wakili ni huyohuyo, asubuhi anaandaa mkataba wa mauziano, mchana yuko mbele ya mwenyekiti wa baraza, jioni anamkumbusha mteja ada. Mimi katika yote hayo nabeba faili. Nikimaliza masomo na kufaulu, nitapeleka maombi, nitasailiwa, kisha Jaji Mkuu ataniapisha. Nikimaliza na kufaulu. Mama yangu mzazi hajasahau matokeo ya mafunzo haya ya 2022, watahiniwa 633, waliopita moja kwa moja 26. Anayakumbuka kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

Saa 1:10

Daladala. Nimesimama hadi mjini, faili kifuani kama mtoto mchanga.

Saa 2:00

Mzee (ndiye wakili wangu, ofisini wote tunamwita hivyo) ameshafika. Anapokea shikamoo yangu bila kuinua macho, anasogeza karatasi moja mezani. "Soma tena. Mipaka tu."

Ni kielelezo chetu cha leo, mkataba wa mauziano kwenye karatasi ya daftari yenye mistari, wa mwaka 2009. Mteja wetu ni mjane. Marehemu mumewe alinunua shamba ufukweni, tuseme ni Igombe. Mambo kadhaa nimeyageuza ili mtu asitambulike, na Mzee amesoma andiko hili kabla yenu. Mipaka imeandikwa hivi: juu, barabara ya ng'ombe. Kulia, jiwe kubwa. Kushoto, mwembe. Chini, maji.

Hakuna namba ya kiwanja wala ramani. Kwenye ardhi iliyosajiliwa ningekwenda kufanya sachi, yaani kuangalia nani ameandikishwa kuwa mmiliki, kwa Msajili wa Hati na kurudi na jibu lenye mhuri. Hapa sachi yangu ni kutafuta mwembe.

Karatasi hii nayo ilikuwa na kasoro yake. Haikuwa imelipiwa ushuru wa stempu, na nyaraka ya namna hiyo isipolipiwa haipokelewi kama ushahidi hata kama kila sahihi iliyomo ni ya kweli. Wiki mbili zilizopita nilihangaikia malipo hayo pamoja na adhabu ya kuchelewa. Mjane aliniuliza, "Yaani karatasi ya mume wangu inadaiwa kodi na yeye yuko kaburini?" Nilimwambia ndiyo, mama. Kabla ya hapo tulishamsumbua kwa barua za usimamizi wa mirathi, maana bila hizo asingeweza kudai mali ya marehemu. Ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya makaratasi tu.

Saa 4:30

Leo baraza linatembelea eneo la mgogoro. Tumefika Igombe: mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba, wazee wa baraza wawili wanaomshauri, karani, mwenyekiti wa mtaa, pande zote mbili na mawakili wao. Na watoto wasiopungua ishirini, ambao nadhani ndio walioijua kesi kutuzidi.

"Mwangaluka," mjane anawasalimia wazee wa baraza. Wanaitikia kwa Kisukuma, wakili wa upande wa pili anakunja uso kidogo, kisha naye anasalimia.

Mgogoro ni kipande cha chini, kati ya jiwe na maji. Mwaka 2020 ziwa lilijaa hadi kuvunja rekodi ya 1964, na kipande chote kikamezwa. Maji yaliporudi nyuma, jirani akawahi. Amepanda nyanya, na pembeni ameanza msingi wa tofali. Anasema hapo ni pake tangu 2010, amelima zaidi ya miaka 12, na miaka 12 ndiyo ukomo wa kudai ardhi. Njiani Mzee aliniuliza: ile miaka kipande kilipokuwa chini ya ziwa, inahesabika? Mtu anaweza kusema amekalia mahali ambapo waliokuwa wamekalia ni sato? Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maswali yangu mawili matatu, nikayameza.

Mwembe haupo, kimebaki kisiki. Jiwe lipo, namshukuru Mungu, jiwe la Mwanza haliendi popote.

Mwenyekiti anaagiza kipande kipimwe. Mimi na karani wa wakili wa upande wa pili tunashika futi kamba. Naanzia kwenye jiwe, nashuka, nasimama pale nyasi zinapoishia. Mita 27. "Siyo hapo," wakili wao anasema. "Mkataba wao unasema mpaka ni maji. Nenda kwenye maji." Naenda, matope yananifika kwenye vifundo vya miguu, kiatu cha kushoto kinabaki huko. Mita 34.

Mzee anasimama polepole. "Mheshimiwa Mwenyekiti, maji ya lini? Ya leo au ya 2009?"

Kimya. Hata watoto wamenyamaza. Swali ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kipande chote cha mgogoro kiko ndani ya mita hizo, utakavyopima. Atakayeshinda atashinda mahali ambapo hawezi kujenga hata choo. Ule msingi wa tofali ni hela iliyotupwa majini, na jirani hajaambiwa bado, au ameambiwa akadhani ni vitisho.

Mwenyekiti anaandika vipimo vyote viwili. Kisha mzee mmoja wa baraza, ambaye muda wote amekuwa akilitazama jiwe, anauliza kama anaongea peke yake: "Kwani wakati ule yalifika wapi?"

Nami mtoto wa Kirumba, niliyekulia na ziwa mlangoni, nikajibu. Mdomo ulitangulia. Nikanyoosha kidole kwenye mstari mweupe kwenye jiwe, juu ya kiuno changu: "Maji ya 2020 yaliishia pale, mzee."

Wakili wa upande wa pili alikuwa kama aliyekuwa akisubiri. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kujua. Huyu binti ameapishwa?"

Sijaapishwa. Si kama wakili, si kama shahidi. Mwenyekiti akaagiza maneno yangu yasiingie kwenye kumbukumbu. Mzee hakunitazama, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa. Mjane akanisogelea na kunong'ona, "Lakini ulisema kweli, mwanangu." Ndiyo hasa iliyoniuma.

Saa 8 mchana

Ugali wa muhogo na dagaa kwa mama ntilie, kiatu kimoja kikiwa juani. Mzee amelipa. Hajasema neno.

Saa 9:15

Tumerudi barazani. Mwenyekiti anasoma alichoandika kule, pande zote zinasikiliza na kusema kama wana la kurekebisha. Wakili wao ana moja, Mzee hana. Shauri limeahirishwa, tutaendelea na mashahidi.

Saa 11 jioni

"Kaa," Mzee anasema hatimaye. Ananipa karatasi imeandikwa kwa kalamu: *Nizar Ladak dhidi ya Gulamali Janmohamed, 1980*. "Soma usiku. Kesho nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza yule mama." Halafu, nikiwa mlangoni: "Ule mstari kwenye jiwe, nani mwingine anaujua?"

Nikasema wavuvi wote wanaujua.

"Basi nitafutie mvuvi. Mtu mzima wa umri, asiye ndugu wa mteja, asiyemdai wala kudaiwa."

Saa 3 usiku

Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini maamuzi ya zamani tunayotegemea yamelala kwenye Kiingereza, kwa hiyo usiku wangu mwingi ni wa kutafsiri. Uamuzi ni mfupi. Mahakama ya Rufani inasema kwenda eneo la mgogoro kuwe kwa nadra, kwa sababu anayehukumu, akishaona kwa macho yake, anaweza kugeuka shahidi bila kujijua. Nimecheka peke yangu. Tahadhari ya jaji imemkuta mbeba faili.

Simu inaita. Mjane.

"Samahani kwa usiku, mwanangu. Zile nyanya za jirani zimeanza kuiva. Ziko kwangu, si ndiyo? Naweza kuchuma?"

"Usiguse mama. Kesi bado."

"Hata mbili za mboga?"

"Hata moja."

Anaguna. Nasikia anafunika simu na kumwambia mtu wa pembeni: "Amesema tusubiri. Hapana, huyu siyo wakili. Ni yule wa kiatu."