Nani Alipewa Mechi?

Jumatano, 19 Machi 2025

Jana nimechelewa kulala. Mechi ya awali ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani, kule Dayton, Ohio, iliisha usiku mwingi, na simu ikaita kabla sijazima runinga. Nilijua ni nani. Shemeji hakunisalimia hata kidogo. Alisema tu, "Tisini na tano kwa sitini na nane," kisha akanyamaza akinisubiri.

Sikuwa na jibu. Leo nimeshinda nikilitafuta, na nadhani nimelipata, ingawa silo nililokuwa nikilitetea tangu Jumapili.

Shemeji anaipenda timu ya chuo cha North Carolina tangu alipojua kwamba Michael Jordan aliichezea na kutwaa nayo ubingwa mwaka 1982. Jumapili, ratiba ya mashindano ya vyuo vya Marekani ilipotangazwa na North Carolina ikawamo, alifurahi kama aliyefutiwa deni. Mimi nilikasirika. Timu ile ilikuwa imecheza mechi 13 za daraja la kwanza, yaani zile ngumu kabisa, ikashinda moja tu. Moja! Dhidi ya UCLA, chuo cha Los Angeles, ikichezwa New York, mwezi Desemba, kwa tofauti ya pointi mbili. Na mwenyekiti wa kamati ya uteuzi, Bubba Cunningham, ndiye mkurugenzi wa michezo wa North Carolina hiyo hiyo. Nilimwambia Shemeji kwamba hii ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Yeye akanijibu kwa utulivu kwamba kanuni inamtaka mjumbe atoke chumbani timu yake inapojadiliwa, na Cunningham alitoka. Makamu wake, Keith Gill, ndiye aliyeongoza mazungumzo yale na ndiye aliyewaeleza waandishi. Hilo ni kweli, nami sina ushahidi wowote wa kusema kilitokea kingine. Lakini wajumbe 12 wamekaa pamoja siku kadhaa, wanakula pamoja, wanabishana pamoja, halafu mmoja anatoka nje dakika chache na wote wanajua kwa nini ametoka. Mtu anaweza kuwa msafi na bado utaratibu ukaacha shaka. Kwangu hilo halijabadilika.

Walioumia zaidi ni watu wa West Virginia, waliokuwa na ushindi mara sita katika mechi ngumu za aina hiyo na bado wakaachwa nje. Juzi Jumatatu gavana wao, Patrick Morrisey, aliita waandishi wa habari na kumtaka mwanasheria mkuu wa jimbo achunguze jambo hili. Shemeji alicheka. Mimi sikucheka. Kwa jimbo ambalo halina timu hata moja ya kulipwa katika ligi kubwa, timu ya chuo ndiyo timu ya nyumbani.

Basi Jumapili na Jumatatu nilikuwa na hoja moja: North Carolina hawakustahili, wamependelewa kwa sababu ya jina. Jana usiku wakaingia uwanjani na kuwafunga San Diego State kwa tofauti ya pointi 27, na hoja yangu ikaonekana kama nguo iliyoruka.

Lakini matokeo ya jana yanathibitisha nini hasa? Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka 2011, mwaka wa kwanza wa timu 68 na wa mechi hizi nne za awali, VCU, chuo kimoja cha Virginia, waliitwa na wachambuzi wakawashambulia kamati bila huruma. VCU wakaanza palepale Dayton, wakashinda mechi tano mfululizo, wakawatoa Kansas na kufika nusu fainali. Tangu hapo kila uteuzi ukilalamikiwa, mtu hutaja VCU. Shemeji alishawataja mara mbili wiki hii. Ila aliyeachwa nje hapati mechi ya kututhibitishia lolote. Anayeingia anaweza kujitetea kwa mpira. Anayeachwa anabaki na takwimu zake, na takwimu hazikimbii uwanjani. Ushindi wa jana unaniambia kwamba North Carolina ni timu nzuri. Hauniambii chochote kuhusu West Virginia, wala hauniambii kama mizani ilikuwa sawa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: walicheza vizuri sana jana.

Kinachoniuma mimi ni cha mwaka jana, na Shemeji anakijua. Ni Indiana State.

Hiki ni chuo cha mji wa Terre Haute, chuo alichochezea nyota Larry Bird, ambacho mwaka 1979 kilifika fainali bila kufungwa hata mara moja na kikaja kufungwa na Michigan State ya Magic Johnson. Baada ya hapo kikasahaulika. Mwaka jana walirudi na mpira mtamu kuutazama: wachezaji watano wote wanapiga pasi, wote wanarusha kutoka mbali, na katikati yupo Robbie Avila, yule jitu mwenye miwani anayegawa mipira kama kwamba ndiye mdogo kuliko wote uwanjani. Waliongoza ligi yao. Wakafika fainali ya mashindano ya ligi hiyo, na Drake wakawafunga 84 kwa 80. Pointi nne.

Na hapo ndipo utaratibu unapouma. Mwaka huu mabingwa wa ligi 31, yaani washindi wa fainali kama hizo, wameingia moja kwa moja, na nafasi 37 zilizobaki ndizo kamati imegawa. Mwaka jana zilikuwa 32 na 36. Chuo cha ligi kubwa kikipoteza fainali yake kinakwenda kulala, kinajua kitaitwa. Chuo cha ligi ndogo kikipoteza, kinaanza kuomba dua. Indiana State walikuwa wameshinda mechi 28 na kufungwa sita. Mfumo wa NET, ambao chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinautumia tangu msimu wa 2018–19 kupanga ubora wa timu, uliwaweka ndani ya 30 bora. Hawakuitwa. Waliambiwa, kama wanavyoambiwa wote wa aina yao, kwamba hawakuwa na ushindi wa kutosha dhidi ya timu kubwa.

Ushindi dhidi ya timu kubwa. Nimeitafakari sentensi hiyo tangu asubuhi.

Mechi ya daraja la kwanza ni ile unayocheza na timu iliyo ndani ya 30 bora ikija kwako, ndani ya 50 mkikutana uwanja usio wa mmoja wenu, au ndani ya 75 ukiifuata kwao. Ni kanuni nzuri, kwa sababu kushinda ugenini ni kugumu zaidi na ugumu huo unapaswa kulipwa. Lakini ili ushinde mechi hiyo lazima kwanza uipate. North Carolina walizipata 13. Walikutana na Kansas, Auburn, Michigan State, Alabama na Florida, kisha Duke mara tatu. Wakafungwa zote hizo, na kila kipigo kikaandikwa kama ujasiri wa ratiba. Indiana State mwaka jana hawakupata hata nusu ya idadi hiyo. Walisafiri hadi Alabama wakafungwa, wakasafiri hadi Michigan State wakafungwa. Kati ya hao wawili hakuna aliyekuja Terre Haute msimu ule.

Na kwa nini waje? Hapa siwalaumu sana makocha wa vyuo vikubwa. Chuo kikubwa hulipa chuo kidogo kije kifungwe mbele ya mashabiki wake. Chuo kidogo kinapata fedha za kuendeshea michezo mingine, na kila mtu anaridhika. Ila chuo kidogo kikishakuwa kizuri kweli, simu haipigwi tena. Ukikifunga, hakuna anayekusifu. Kikikufunga, utaulizwa mpaka mwezi wa tatu. Kocha mwenye akili anakikwepa, halafu mwisho wa msimu kamati inakiuliza chuo kile kile: mbona hukuwafunga wakubwa?

Swali hilo mimi nimewahi kuulizwa. Sijawahi kulisimulia hapa. Nilipokuwa nacheza shuleni, tulikuwa na timu ambayo mpaka leo naamini ilikuwa nzuri. Tuliiandikia shule moja kubwa kuomba mechi ya kirafiki, mara tatu, na mara zote tukaambiwa ratiba yao imejaa. Ulipofika wakati wa kuchagua wachezaji wa timu ya pamoja, aliyekuwa akichagua aliwachukua saba kutoka shule ile, kwetu hakuchukua hata mmoja. Kapteni wetu alimfuata kwa heshima kumuuliza. Akajibiwa, "Hamjapimwa." Nakumbuka tulivyorudi kwa miguu bila mtu kusema neno. Kufungwa tungekubali, maana tulikuwa tumezoea kufungwa na kurudi mazoezini kesho yake. Kilichotunyamazisha ni kwamba hatukuwa na kipigo cha kukumbuka, wala mchezo wa kurudia kichwani na kusema pale ndipo tulipokosea.

Kwa hiyo leo mchana nimemwambia Shemeji kwamba nimebadili hoja. Sigombani tena na watu 12 wa Jumapili. Wakishaletewa karatasi iliyoandikwa 13 upande mmoja na mechi chache upande mwingine, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika tangu Novemba, katika ofisi ambazo hakuna kamera. Hata West Virginia, ambao nawaonea huruma, walizipata mechi zao ngumu, 16 kwa jumla. Malalamiko yao na ya Indiana State si ya aina moja.

Akaniuliza, "Sasa wewe ungefanyaje?" Swali la haki.

Nikamkumbusha mwaka 1974. Wakati ule kila ligi ilipeleka timu moja tu. Maryland, walioorodheshwa wa nne nchini, walifungwa na NC State, chuo kingine cha jimbo la North Carolina, 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza kwenye fainali ya ligi yao, wakabaki nyumbani, na NC State wakaenda kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata mashindano yakapanuliwa hadi timu 32 na ligi zikaruhusiwa kupeleka zaidi ya timu moja. Mlango ulifunguliwa kwa sababu timu moja nzuri ilifungiwa nje na watu wakaona aibu. Nusu karne baadaye, ligi moja, SEC, imeingiza timu 14 kati ya 16 ilizonazo. Aliyefunguliwa mlango jana ndiye ameujaza leo.

Mimi ningetenga nafasi chache, hata nne tu, kwa vyuo vilivyoongoza ligi zao msimu mzima vikateleza kwenye fainali ya ligi. Na ningelazimisha kila chuo cha ligi kubwa kwenda ugenini kwa chuo cha ligi ndogo walau mara moja kila msimu, kwa ukumbi mdogo, kwa mashabiki wanaokaribia kukanyaga mstari. Shemeji amesema la kwanza linaongeleka. La pili, anasema, wakubwa hawatakubali kamwe, kwa sababu kila mechi ambayo timu inacheza kwenye mashindano haya, isipokuwa fainali, huipa ligi yake mgao wa takriban dola milioni 2 katika kipindi cha miaka sita, na hakuna anayehatarisha fedha kama hizo kwa hiari. Hapo amenishinda, nami nimemwambia hivyo.

Sikumsimulia habari za kapteni wetu. Labda siku nyingine.

Halafu nimemwambia jambo ambalo hakuwa akilijua. Indiana State walioachwa walikwenda kucheza NIT, mashindano ya wale wasioitwa, wakafika fainali na kufungwa na Seton Hall 79 kwa 77. Seton Hall nao kamati ilikuwa imewaacha. Shemeji alikaa kimya kidogo, akauliza kama mechi ile bado inapatikana mahali. Nimemtumia. Amesema ataitazama kesho, kwa sababu Ijumaa North Carolina wanacheza na Ole Miss na siku hiyo hatapokea simu ya mtu.