Maji yakichemka, ni bondi gani inayoachia?

Kuna jibu moja linalowanyima watahiniwa wengi wa kemia alama: "Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwa sababu bondi zake kovalenti zina nguvu." Si kweli. Bondi kovalenti ni zile zinazounganisha atomi ndani ya molekuli. Mvuke wa birika bado ni H₂O, hakuna haidrojeni iliyobanduka kwenye oksijeni. Kilichoachia ni kani baina ya molekuli na jirani yake. Kuvunja bondi za O–H kunahitaji takriban kilojuli 463 kwa moli, ilhali kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke ni kama 41 tu.

Linganisha butani, asetoni na propanoli-1. Uzito wa molekuli zao ni 58, 58 na 60, lakini huchemka kwa nyuzi −0.5, 56 na 97. Butani ina kani za London pekee, yaani mvutano dhaifu wa muda mfupi baina ya molekuli, na ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia huwa kimiminika kwa sababu ya shinikizo tu. Asetoni ina C=O (kaboni na oksijeni), yenye ncha chanya na ncha hasi zinazovutana na za molekuli jirani. Propanoli ina O–H, kwa hiyo hufunga bondi za haidrojeni, yaani mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani, na hizo ndizo ngumu kuachanisha.

Ukitaka kupima kiwango cha kuchemka cha asetoni, tia sentimita 3 za ujazo kwenye neli ya majaribio pamoja na vipande viwili vya kigae ili isifoke. Pasha maji ya bika hadi nyuzi 70, zima moto kabisa, ndipo utumbukize neli. Mvuke wa asetoni hushika moto upesi mno. Balbu ya kipimajoto ikae kwenye mvuke, isiguse kimiminika wala kioo. Ukisahau vigae, usivitie kimiminika kikiwa cha moto, kitafoka.

Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, utasoma karibu 52 kwa asetoni, na maji yatachemka karibu 96. Tafadhali andika ulichosoma! Wengi "husahihisha" namba ifanane na ya kitabu, wakati hewa nyepesi ya huku ndiyo sababu halisi.

Kanuni hii, kwamba joto huachanisha molekuli bila kukata bondi kovalenti, ni ya molekuli ndogo ndogo. Kwazi, iliyojaa kwenye mchanga mweupe wa Ziwa Victoria, ni mtandao mmoja wa bondi kovalenti za silikoni na oksijeni (Si–O). Kuiyeyusha, karibu nyuzi 1,700, hapo ndipo bondi kovalenti zenyewe hukatika.