Daring (H16): destroya na miaka saba ya amani

Hapa Lindi ukitaja manowari za Waingereza, watu wanarukia 1914: meli ya Kijerumani Präsident iliyofichwa mto Lukuledi, na nyaraka zilizokutwa humo zikawaelekeza Waingereza kwa manowari ya Kijerumani Königsberg kule Rufiji. Ni kisa kitamu. Ila manowari nyingi hazikuishi hivyo. Destroya, manowari ndogo ya mwendo kasi, ya kati ya vita mbili kuu iliishi kwa mafuta, boila na kusuguliwa, na asiyejua hayo ataona kumbukumbu zake ni orodha ya bandari tu.

Chukua Daring ya Waingereza; H16 ni namba yake ya ubavuni. Mkuku, yaani uti wa chini wa meli, uliwekwa 18 Juni 1931 kwa Thornycroft, Woolston, Southampton. Ikashuliwa 7 Aprili 1932. Ikakamilika 25 Novemba 1932. Tarehe hizi huchanganywa sana. Kushua ni kuingiza bodi majini tu, kazi kubwa ya kufunga mitambo na mizinga bado inaendelea. Utumishi uhesabu kuanzia ya tatu.

Uzito nao una mtego wake. Tani 1,375 zinazoandikwa ni za hesabu ya Mkataba wa Washington wa 1922, ambayo haihesabu mafuta wala maji ya akiba ya boila. Mkataba wa London wa 1930 uliifungia Uingereza jumla ya tani 150,000 za destroya, kwa hiyo kila nchi ilipenda namba ndogo. Daring ikijaa ilikaribia tani 1,900. Silaha zilikuwa mizinga minne ya inchi 4.7 na mirija minane ya topido.

Sasa mafuta. Ilibeba tani 473 za mafuta mazito, za kwenda maili za bahari 5,870 kwa mwendo wa noti 15 (maili za bahari 15 kwa saa). Turbini zake zilitoa nguvu za farasi 36,000 na mwendo wa noti 36 hivi, lakini nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo: ukishuka hadi noti 18 unahitaji kama sehemu moja ya nane. Ndiyo maana safari ndefu zilikwenda polepole. Toka Mtwara hadi Singapore, maili kama 4,000, ingechukua siku 11 na kula theluthi mbili ya tangi. Toka Malta hadi huko kupitia Suez ni kama maili 6,000, haifiki bila kuongeza mafuta njiani. Bandari zinazotajwa katika safari, basi, mara nyingi ni vituo vya mafuta, msizipambe.

Boila zilikuwa tatu, kila moja ina dramu (pipa la chuma) moja ya mvuke juu na mbili za maji chini, zimeunganishwa na mamia ya mirija myembamba. Shinikizo ratili 300 kwa inchi ya mraba. Adui ni chumvi: kondensa, kifaa kinachopoza mvuke uwe maji tena, ikivuja kidogo tu, maji ya bahari yanaingia kwenye maji ya boila, magaga yanaganda ndani ya mirija, chuma hakipoi, mrija unapasuka. Kwa hiyo boila ilizimwa, ikaachwa ipoe, dramu zikafunguliwa, brashi ikapitishwa mrija kwa mrija, na masizi ya nje yakakwanguliwa. Ukiona meli imetia nanga siku kadhaa bila sababu, dhania hilo kwanza.

Chini ya bodi, maji ya joto huotesha mwani na makombe upesi. Wenye majahazi Mikindani wanalijua hilo, deheni, mafuta ya kupaka chini ya chombo, haipakwi kwa urembo. Destroya ilihitaji gudi, mahali pa kuitoa majini isafishwe, na Singapore ilikuwa na gudi linaloelea tangu 1928.

Huko ndiko Daring ilikohamia. Nahodha Louis Mountbatten aliiongoza tangu Aprili 1934 katika Mediterania, akaipeleka Singapore mwishoni mwa mwaka, na mabaharia wakabadilishana meli: wao wakachukua Wishart, kuukuu ya 1920, warudi nayo Mediterania. Daring, iliyo mpya, ilikwenda kikosi cha China, ambacho majira ya joto kilikaa Weihaiwei na ya baridi Hong Kong. Ukifuata jina la nahodha badala ya jina la meli, hapo utapotea.

Tahadhari nyingine ni jina lenyewe. Kuna Daring ya 1893, ya 1949 (D05) na ya sasa (D32). Hii ni H16, iliyozamishwa na nyambizi U-23 tarehe 18 Februari 1940. Picha isiyo na H16 ubavuni, linganisha umbo kwanza kabla ya kuiamini.