Nilivyozitambua fuwele nyeupe za mawe ya Elgon

Vijana wanaopasua kokoto huku kwetu Mbale, chini ya Mlima Elgon, huniletea mawe meusi yenye matundu yaliyojaa vitu vyeupe vinavyometa. Wengi waliamini ni kwatsi, madini magumu yanayong'aa kama kioo, na mmoja alikwisha kuahidiwa pesa na mnunuzi. Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo nikaona ni wajibu wangu kuwapa jibu la hakika.

Matundu ndiyo yaliyotangulia. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka wa volkano, ikipanda, shinikizo hupungua, mvuke na kaboni dayoksaidi hujitenga na kuwa mapovu, kisha lava huganda nayo yakiwa humo. Baadaye sana maji yenye joto hupenya, huyeyusha sodiamu, kalsiamu, alumini na silika (muungano wa silikoni na oksijeni) ya mwamba wenyewe, na kuziacha tunduni kama fuwele. Huota ukutani zikielekea katikati, ndiyo maana ncha zote hutazama ndani.

Tangu mwanzo nilikuwa na shaka na hiyo kwatsi. Lava nyingi ya Elgon ni nefeliniti, mwamba wenye uhaba wa silika, na kwatsi ni silika tupu. Itatoka wapi?

Fuwele nene zilikwaruzika kwa msumari. Nilikwangua unga wake nikadondoshea siki, ukatoa povu: kalsiti, yaani kalsiamu kabonati. Hiyo ilikuwa rahisi.

Zilizonishughulisha ni sindano nyembamba kama unywele, zilizochanua kutoka nukta moja. Siki haikuzifanya lolote. Nikaziosha, nikazianika zikakauka kabisa, nikazitia kwenye testi tyubu kavu na kuipasha moto taratibu. Sehemu ya juu ya kioo ikaingia ukungu, ukungu ukawa matone. Maji, kutoka kwenye jiwe kavu! Kwatsi haina maji ya kutoa. Madini yaitwayo zeoliti yanayo: alumini, silikoni na oksijeni zimejenga kiunzi chenye vijia, na humo ndimo maji na sodiamu hukaa. Sindano za namna hii ni za jamii mojawapo ya zeoliti, ile ya natroliti. Kutenganisha aina moja na nyingine ndani ya jamii hiyo ni kazi ya eksirei.

Yule kijana nilimwita ayaone matone mwenyewe.

“Sasa mwalimu, zina bei?”

Nilimweleza kwamba zeoliti hulainisha maji, kwa kuwa hupokea kalsiamu na kuachia sodiamu, lakini sindano chache za kwenye kokoto si biashara. Alisikitika. Hata hivyo bado hunitengea mawe ambayo sindano zake hazijavunjika, nami huyatumia darasani.