Mtoto wa Kaka Mbele ya Kodi ya Urithi

Ba'mdogo, aliyenitoa Tanga nikiwa na umri wa miaka 17 na kunisomesha hapa Maryland, Marekani, alifariki mwezi Februari 2024. Hakujaaliwa mtoto, na katika wosia wake aliniachia nyumba aliyoinunua mwaka 1994. Kwetu mtoto wa kaka ni mwana, wala hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniita vinginevyo. Sheria ya Maryland, hata hivyo, humsamehe kodi ya urithi mume au mke, mzazi, mtoto, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa naye, lakini mtoto wa kaka humhesabu miongoni mwa watu wa mbali na kumtoza asilimia 10 ya thamani ya alichoachiwa. Niliposomewa kifungu hicho niliumia, na si kwa sababu ya fedha peke yake.

Miaka miwili kabla ya hapo, wazee wenzake walikuwa wamemshauri aniandikie nyumba ile angali hai, iwe zawadi, ili kodi hiyo isinifikie. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa kumzungumzisha mzee habari za mirathi ni kumchulia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa hati kabatini na kuniambia tumtafute mtu anayeifahamu kazi hiyo. Tulimpata mhasibu mwenye leseni ambaye shughuli yake kubwa ni mirathi na amana, yaani mali inayoshikwa na msimamizi kwa faida ya mtu mwingine, tofauti na wale wanaojaza fomu za mishahara kila mwaka, naye akauliza swali ambalo sisi sote hatukulifikiria: nyumba ilinunuliwa kwa kiasi gani?

Faida ya mauzo inapohesabiwa, anayepewa mali na mtu aliye hai hupokea pamoja nayo bei ya ununuzi ya aliyempa, ilhali anayerithi huhesabiwa thamani ya soko ya siku ya kifo. Nyumba ilinunuliwa kwa dola 150,000, na mthamini aliipima kuwa dola 520,000. Lau ningepewa kisha nikaiuza, ningeonekana nimepata faida ya dola 370,000, na kodi ya serikali kuu kwa kiwango cha asilimia 15 ingekuwa dola 55,500, kabla ya kodi ya mapato ya jimbo na nyongeza nyinginezo. Kwa kuirithi nilitozwa karibu dola 52,000, na nilipoiuza baada ya miezi michache hapakuwa na faida ya kutozwa. Ushauri wa wazee ulitokana na mapenzi, lakini ungetugharimu zaidi.

Kodi ya mirathi ya serikali kuu, ambayo hutozwa jumla ya mali ya marehemu na si fungu la mrithi, haikutugusa, kwa kuwa mwaka 2024 ilianzia kwenye mali inayozidi dola milioni 13.61, ingawa kiwanja cha marehemu kilichoko Tanga nacho kilipaswa kuhesabiwa, maana mali ya raia wa Marekani huhesabiwa popote ilipo. Hofu yangu ni kwa ndugu walioko Tanga au Muscat wenye nyumba au hisa za kampuni za Marekani bila ya kuwa raia wala wakazi wa huku: msamaha wao ni dola 60,000 tu, na wengi wao hawajaambiwa.

Marehemu aliacha pia fedha katika amana kwa ajili ya masomo ya mtoto mmoja wa ukoo. Mwaka 2025 mapato yaliyobaki ndani ya amana yalifikia kiwango cha juu kabisa cha kodi, asilimia 37, yalipopita dola 15,650 tu, kwa hiyo msimamizi, ambaye ni mimi, huamua kila mwaka kipi kitolewe na kipi kibaki, nami uamuzi huo siufanyi bila mhasibu.

Sasa mama anataka kuuza kiwanja cha Pongwe na kunitumia sehemu ya fedha, na kaka naye ameahidi kuongeza. Zawadi kutoka kwa wasio raia wala wakazi wa Marekani hainitozi kodi, lakini ikizidi dola 100,000 kwa mwaka sharti niiripoti kwa mamlaka ya kodi ya Marekani katika Fomu 3520, na kuchelewa hutozwa asilimia 5 ya zawadi kwa kila mwezi hadi kufikia asilimia 25. Michango ya jamaa hujumlishwa, hivyo dola 60,000 za mama na 60,000 za kaka ni 120,000. Nimewaomba wasitume chochote mpaka nitakapoonana na mhasibu Jumanne.