Kunyoosha kitambaa cha kuoshea vyombo kilichofumwa kwa pamba

Kitambaa cha pamba hutoka kwenye sindano kimejikunja, pembe moja juu, nyingine chini. Kukinyoosha ni kukilowesha, kukibana kwa pini kikae mraba, na kukiacha kikauke hapohapo. Ila tuelewane mapema: pamba haina mnyumbuko wa sufu. Pini zinakipanga tu, na kikishaingia kwenye maji ya vyombo mpangilio huo unaondoka. Kwa hiyo nyoosha vya zawadi na vya kuuza. Cha kwako kitie kwenye beseni uoshee sufuria.

Maji yawe ya uvuguvugu, dakika 20. Uzi mpya wa pamba ni mzito kunywa maji. Kikielea, kikandamize kwa kiganja mpaka mapovu ya hewa yaishe. Dawa ya kulainisha nguo iache, kwa sababu huacha utando na kitambaa hakinyonyi tena. Uzi mwekundu au wa bluu iliyokoza usuuzwe peke yake hadi maji yatoke safi. Siki na chumvi, ambazo watu wanashauriana sana, hazifungi rangi ya pamba iliyotiwa kiwandani. Usikikamue kwa kukisokota. Kiviringe ndani ya taulo kavu, kandamiza, basi.

Sasa kitandaze juu ya sponji ngumu iliyofunikwa kitambaa cha drafti kisichochuja rangi. Miraba yake ndiyo rula yako. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana doa la kutu kwenye pamba nyeupe halina dawa rahisi. Bana pembe nne kwanza, kisha katikati ya kila upande, ndipo ujaze nafasi, pini moja kila sentimita 2 au 3. Zikiachana sana, ukingo unatoka na meno kama msumeno.

Kinachosumbua zaidi ni kile kinachofumwa kuanzia kwenye pembe moja: unaanza na mishono 4 (vitanzi vya uzi kwenye sindano), unaongeza mmoja kila mstari, ukifika upana unaotaka unaanza kupunguza mpaka ibaki 4. Hicho huvutika kwa mshazari, na ukikianika kwa kukining'iniza pembe moja kinarefuka kama kishada. Kupima upande mmoja hakutoshi, kwa kuwa hata pande nne zikilingana pembe zinaweza kuwa zimelala. Pima kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Kwa kitambaa cha sentimita 20, zote ziwe sentimita 28 na ushee. Moja ikizidi, usiivute ile fupi kwa nguvu. Isukume ile ndefu kwa viganja irudi ndani, ile fupi itafunguka yenyewe. Na kama ukingo una matundu pale ulipoongeza mishono, pini ipite kwenye mshono wa ndani, si kwenye kitanzi cha nje, la sivyo kitanzi kinachongoka.

Ukiwa na haraka, pasi ya mvuke inafaa: ishike juu ya kitambaa bila kukigusa, puliza mvuke, acha kipoe kwenye pini. Hii ni kwa pamba tupu. Uzi uliochanganywa na akriliki hulegea kwa mvuke na haurudi.

Kuna makosa ambayo pini hazitibu. Upande wa mwisho ukiwa mfupi kuliko ule wa mwanzo, ulifunga mishono kwa kukaza. Fumua mstari huo na ufunge upya kwa sindano kubwa zaidi, ya milimita 5 kama ulifumia ya 4.5. Kingo zikijiviringa, ulifuma uso laini mtupu (mstari mmoja mshono wa mbele, unaofuata mshono wa nyuma) bila kuuwekea pindo. Pindo la mishono 4 kila upande, la mshono wa mbele, ule wa kawaida wa kufuma, kwenye mistari yote, linatuliza kingo kuliko pini mia.

Kukauka ni siku nzima, na mahali penye unyevu kama Pwani weka feni. Mikia ya uzi iliyofichwa ndani ikatwe mwisho kabisa, kitambaa kikiwa kikavu. Ukiikata kabla, kitambaa kikivutwa ncha zinarudi ndani, kisha zinachomoza upande wa mbele.